Sare Tatu za Harusi ya Mwezi na Jua

Enzi hizo, nyinyi mnaolia na madaftari yenu ya Kijerumani hamjazaliwa, wala babu zenu, majina ya vitu katika nchi ya Wajerumani yalitembea hivi hivi, bila vazi. Meza alikuwa Tisch tu. Ua alikuwa Blume tu. Hakuna aliyetanguliwa na der, wala die, wala das, vile vijineno mnavyokaririshwa sasa mbele ya kila jina. Ukimwita anaitika, yameisha. Raha iliyoje! Lakini raha hiyo iliishia kwenye harusi moja, na aliyeimaliza ni fundi mmoja wa nguo aliyeitwa Hedwiga.

Hedwiga alikuwa mama mcheshi, mpenda shughuli kuliko chakula. Cherehani aliyoshonea haikuwa yake. Ilikuwa ya nchi nzima, na fundi akivuruga shughuli hunyang'anywa, akapewa mwingine. Yeye alikuwa ameisubiri miaka ishirini. Basi habari zilipoenea kwamba Mwezi anamwoa Jua, na kwamba majina yote yamealikwa na yote lazima yavae sare, moyo ulimdunda hadi akajichoma sindano mara mbili.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa Mzee Adalbert, mtu wa orodha. Huyo hata akienda kuoga huandika kwanza. Alimletea Hedwiga majora matatu ya kitambaa: la buluu liitwalo der, jekundu liitwalo die, na la kijani liitwalo das.

"Mama, kazi nyepesi hii," alisema. "Wanaume buluu, wanawake nyekundu, visivyo na roho kijani. Ukikosea, naondoka na cherehani."

"Sawa, mzee wangu," Hedwiga akajibu, na mkasi ukaanza kazi.

Mambo yaliharibika alipofika kwa Kijiko na kipande cha kijani mkononi. Kijiko, ambaye kwao ni Löffel, alirudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo, mama. Hiyo sivai," alisema. "Mwezi nimemlisha uji mimi, tangu hana hata jino moja. Leo nikakae na nani kama si upande wake?"

Hedwiga alibaki ameshika mkasi. Tangu alipokuwa mdogo akimshikia mama yake uzi, ameona sare za harusi zisizo na idadi, na siku zote sare ilifuata upande. Watu wa bwana harusi wana yao, wa bibi harusi wana yao, na wa jikoni wana yao. Hakuna hata siku moja mtu aliyepimwa nguo kwa kuangaliwa kama ana roho! Orodha ya Mzee Adalbert haikujua harusi ni nini. Akaitazama cherehani yake. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha akalivuta jora la buluu, akalifanya la upande wa Mwezi, akamkatia Kijiko sare ya der.

Lo! Habari zilikimbia mitaa yote, na foleni ikafika barabarani. Uma, yule Gabel, alikuja akirukaruka kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa amemchana Jua nywele, akavishwa nyekundu. Mlango, Tür, alikuwa amemsitiri bibi harusi akivaa, naye akapata nyekundu. Meza aliyebeba zawadi za posa akajivunia buluu yake. Kisu, Messer, hata kufika hakufika. Alikuwa jikoni anamenya viazi, bega kwa bega na Moto, Maji, Chumvi, Nyama na Mkate, na wote wakapelekewa kijani huko huko. Hata mpishi mkuu, Binti hodari ambaye kwao ni Mädchen, alichagua kijani. Nyekundu aliitazama, akasema ni nzuri, lakini hawezi kuwaacha wenzake na moshi halafu yeye akakae kwenye mazulia. Hedwiga alishona pale pale ukumbini akiimba, jasho linamtiririka, na hakukumbuka kama aliwahi kufurahi hivyo.

Mzee Adalbert alipoingia ukumbini alishika kichwa.

"Kijiko buluu! Uma nyekundu! Binti mzima kijani! Hedwiga, umenivua nguo mbele za watu!" Akaikumbatia cherehani aondoke nayo.

Hedwiga aliuweka mkasi chini. "Nimewashonea kwa pande zao, mzee," alisema kwa sauti nyembamba. "Kama hilo ni kosa, ichukue."

Ndipo Kijiko aliposimama. Akasimama Uma, akasimama Meza, na Mlango akajifunga palepale, mwenyekiti akiwa ndani. Jikoni nako wakatoka wote na sare zao, Mädchen mbele, ameshika kiuno.

"Cherehani ikitoka humu," alisema, "na chakula kinatoka."

Mzee Adalbert, ambaye harufu ya chakula ilikuwa imemtesa tangu asubuhi, aliitua cherehani taratibu. "Sasa wageni watawajuaje hawa?" akalalamika. "Hakuna mpango hata kidogo!"

"Watauliza," Hedwiga akasema.

Vigelegele vikapasua paa. Walikula, wakacheza, na shughuli ilipokwisha hakuna hata mmoja aliyekubali kuvua.

Na tangu siku hiyo, jina la Kijerumani likitoka nje hutoka na sare yake. Ndiyo maana kijiko ni der, uma ni die na kisu ni das, ingawa wote hulala droo moja. Ndiyo maana binti ni das, na wala haoni haya. Wewe unayejifunza leo usihangaike kutafuta dume na jike katika vijiko. Wewe ni mgeni uliyechelewa harusi, na huna budi kumwendea kila mmoja, umsalimu, umuulize alikaa upande gani. Ukisahau, rudi ukaulize tena. Hawachoki. Kila unapouliza, unawapa nafasi ya kumtaja waliyesimama naye.