Kabati la Mwalimu Nungunungu

Paukwa!

Mbona pakawa yenu nyembamba hivyo? Tuanze tena. Paukwa! Haya, sasa nimewasikia. Na wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, ngano hii haisubiri mtu.

Hapo zamani, zamani sana, nguchiro walikuwa na desturi moja. Hawakulala kichuguu kimoja siku zote. Leo hiki, kesho kile, na mgeni hakuambiwa wanalala wapi. Ndiyo maana vitoto vyao vilikua.

Siku moja shule ya msituni ikapata vishikwambi. Msiniulize vilitoka wapi zamani hizo, vilikuwepo. Mwalimu Nungunungu akavitia kabatini, akafunga kwa kufuli.

"Atakayegusa atakiona cha mtema kuni," akasema. Hakuwafundisha wanafunzi kuvitumia. Aliogopa, basi.

Lakini Zawena, binti wa Nguchiro, hatulii. Mara dirishani, mara mlangoni. Akachimba chini ya kabati, akatoa kishikwambi kimoja, akajificha nacho vichakani. Kikalia.

"Mimi Kibibi, nguchiro wa bonde la pili. Wewe nani?"

"Zawena."

Kesho yake kikalia tena. "Zawena, shoga yangu, nionyeshe sura yako." Akajipiga picha, akatuma.

Siku ya tatu kikalia. "Shoga, leo mnalala wapi? Nije tucheze."

Zawena akasita. Kwao hawasemi. Lakini Kibibi si mgeni tena, au siyo? Akaandika, "Kichuguu cha chini ya mkwaju."

"Vizuri. Usimwambie mtu."

Hapo akayasoma tena maneno hayo. Shoga gani huyu anayetaka kufichwa? Na kule kichuguuni wamelala wadogo zake, hata macho hawajafungua. Akatoka mbio kwenda kwa Mwalimu, akarudi. Akisema, atachapwa. Akaenda, akarudi. Mara ya tatu hakurudi.

"Mwalimu, nimekosea," akasema huku analia, akaeleza yote.

Nungunungu akasimamisha miiba. Darasa zima likafumba macho. Kisha akailaza.

"Nilifunga kabati, sikukufunza," akasema. "Kosa ni langu pia. Twende, mwanangu, jua linashuka."

Nguchiro wakabeba vitoto kwa meno, haraka haraka, wakahamia kichuguu kingine. Nungunungu akaingia kile cha chini ya mkwaju, akaugeuzia mlango mgongo, akatulia.

Haukupita muda, Kibibi akaja. Kibibi gani! Alikuwa Chatu, mrefu, tumbo tupu. Akaingiza kichwa.

"Zawena, shoga yangu, nimefika."

"Karibu," akajibu Nungunungu, akarudi nyuma kwa kishindo.

Chatu akaondoka na miiba mdomoni, na tangu siku hiyo haongei na mtu.

Asubuhi kabati likafunguliwa. Mwalimu akaketi katikati ya watoto, kila mmoja na kishikwambi chake, yeye akijifanya Kibibi.

"Leo mnalala wapi?" akawaandikia.

"Hatusemi," wakajibu. "Na tunakwenda kumwambia Mwalimu."

Zawena ndiye aliyewaonyesha wenzake namna ya kujibu.

Basi enyi walimu, na nyinyi wazazi mliojibanza hapo nyuma, mfundisheni mtoto mkiwa naye, chombo kikiwa mkononi mwake. Akikosea, awe na pa kusema bila kuogopa fimbo. Wadogo zake Zawena wako hai kwa sababu dada yao alisema.

Ngano naifunga hapa. Tamu yake bebeni, uchungu wake niachieni mwenyewe.