Shoka Chini ya Podo Iliyopinda

Mkulima mmoja, wapendwa, alirithi kilima kipara. Chemchemi ya babu yake ilikuwa imekauka, naye akaapa hatakufa kabla haijabubujika tena. Akaamua kupanda podo, miti ambayo ukoo wake ni wa kale kuliko jina la mlima wenyewe.

Lakini alikuwa mtu wa kupenda unyoofu! Akavuka mlima, akaona podo moja imesimama wima kama mlingoti wa bendera. Akakata vipandikizi kwenye mti huo huo mmoja, akajaza kilima kizima. Ilipokua yote sawasawa, akatembea kifua mbele.

Bondeni kwake palikuwa na podo ya zamani, imepinda, ina manundu, haijawahi kuzaa.

"Huu mti tasa nitaugeuza kuni," alimwambia mkewe.

"Baba watoto, uache. Umekukosea nini?"

Akauacha, huku amenuna.

Miaka ikapita. Akapekua majani makavu kilimani akitafuta mche hata mmoja. Wapi! Hofu ikamwingia. Miti hii ikizeeka, nani atashika zamu? Na chemchemi je? Kwa hasira akachukua shoka, akateremka bondeni. Si ndivyo tulivyo? Tukishindwa, tunamtafuta mnyonge.

Akainua shoka. Tunda likamdondokea begani. Kutazama juu, matawi yamesheheni, ndege wanagombania!

"Mama watoto, njoo! Tasa kazaa!"

Hapo akakumbuka vumbi la njano lililotoka kwenye miti yake minyofu msimu uliopita. Podo zina dume na jike. Yeye alikuwa amepanda kilima cha madume matupu, tena dume lile lile moja, na jike alitaka kuligeuza kuni!

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hiyo alikuwa anangoja mume, na wewe unamnolea shoka!"

Ndege wakapandisha mbegu kilimani. Ikaota miche isiyofanana: mwembamba, mnene, mnyofu, wenye nundu la mama yake. Ukame ukaja, baadhi ikanyauka, mingine ikasimama imara. Na chemchemi? Leo ng'ombe wanakunywa pale! Bwana asifiwe!

Ukoo ule wa podo umevukaje ukame wa enzi na enzi? Kwa kutofanana.

Na sisi tunataka kanisa la watu wa mkato mmoja, lugha moja, vazi moja! Yuko mtu umemwita tasa, kumbe wewe ndiye uliyekosekana maishani mwake. Mpendwa, weka shoka chini. Tazama juu.