Nani Azichane Nywele za Shemsa

Hapo zamani, na mwenye kukohoa akohoe sasa maana sitarudia, katika vilima vya Pemba palikuwa na msichana akiitwa Shemsa. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, za kumfika mabegani. Akaposwa na kijana Hemed, akakubali, na kwa ajili ya siku ya posa akataka asukwe.

Aliyemsuka ni shoga yake, Nassra. Nassra alikuwa na mkono mzuri na masikio mabovu.

"Shoga, unanibana."

"Tulia. Uzuri una tabu zake."

"Nassra, mpaka macho yanavutika!"

"Tulia, nimesema!"

Msuko ukatoka kama umechorwa. Watu wakausifu, na Shemsa kwa kupenda sifa akakaa nao mpaka kichwa kikawaka moto. Ulipofumuliwa, nywele za panjani, pale pembeni mwa paji, zikaja pamoja na msuko. Ngozi ikafanya magamba, ikawa inawasha kutwa kucha.

"Harusi hakuna," Shemsa akamwambia baba yake. "Siku ya kutolewa nje wanawake wa mji mzima watanitazama. Sitoki na kichwa hiki."

Harusi ikasogezwa. Ukweni wakaanza kuuliza maswali ya pembeni. Ndipo Shemsa, mbele ya nyumba nzima, akaweka nadhiri: "Atakayezirudisha nywele zangu, yeye peke yake atanichana na kunipamba, na yeye peke yake atakaa ubavuni mwangu siku ya harusi."

Yeye peke yake! Lau angesema "wao", mimi leo nisingehangaika.

Akaja shangazi yake, Mwatima, dada wa baba. Huyu alijua kutoa mafuta katika majani. Alikata mchaichai na mrihani, akachemsha, akaunasa mvuke, mvuke ukapoa, na juu ya maji yakaelea mafuta kidogo, makali, yenye kunukia mpaka nyumba ya tatu. Gunia zima la majani, chupa moja ndogo! Mikono yake ikababuka kwa moto na mvuke.

"Haya ndiyo dawa ya magamba, mwanangu," akasema. Na kwa haraka ya mapenzi akammiminia kichwani, vivyo hivyo, bila kuyachanganya na kitu.

Kilio alicholia Shemsa siku ile kilisikika mpaka kisimani.

Mlangoni alikuwa amesimama mama yake wa kambo, Bi Raya. Alikuwa amesimama tangu mwanzo. Alijua kwamba mafuta yale hayapakwi matupu. Alijua, akanyamaza, kwa kuwa kila akisema neno katika nyumba ile huambiwa anamwonea mtoto asiye wake. Lakini kilio kilipozidi akaingia, akamsukuma wifi yake kando, akampangusa Shemsa kichwa kwa mafuta ya nazi, kisha akamwosha kwa sabuni. Ngozi ilipopona, akatia matone machache tu ya yale makali katika kikombe cha mafuta ya nazi, akamjaribishia kwanza kwenye mkunjo wa mkono. Mkono haukuwasha.

"Sasa paka, mwanangu."

"Sipaki! Nimechoka na nyinyi nyote!"

Chupa ikakaa dirishani, inashika vumbi.

Nani akaiondoa? Nassra. Alikuja na chanuo la meno mapana na uso wa aibu. Shemsa akamfukuza. Akarudi. Akamfukuza tena. Akarudi tena, mpaka Shemsa akachoka kufukuza. Basi Nassra akawa akija jioni, anamsugua kichwa taratibu kwa ncha za vidole na mafuta yale, anamchana bila kuvuta, na akija mtu kumshauri Shemsa asukwe, Nassra anamtoa mbio. Miezi ikapita. Magamba yakaisha. Panjani pakaota vinywele laini, vikakaza, vikarefuka.

Siku ya harusi ikafika. Shemsa amekaa kitini, nywele hazijachanwa, na nje ngoma ya ukweni inasikika inapanda kilima. Na ndani, mikono mitatu imelishika chanuo moja!

"Bila mimi mafuta yangetoka wapi?" akasema Shangazi Mwatima. "Mngempaka nazi tupu kama samaki wa kukaanga!"

"Bila mimi mafuta yako yangemchuna ngozi, wifi," akasema Bi Raya.

"Na wewe uliyeona ukanyamaza?"

"Bila mimi chupa ingekuwa dirishani mpaka leo," akasema Nassra. "Nani alimsugua? Nani alifukuzwa akarudi?"

"Na nani alizing'oa?" wakauliza wifi wawili kwa sauti moja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu Bi Raya aolewe.

Shemsa akainuka, machozi na wanja vinamshuka. "Basi! Basi, jamani! Mmoja kaniunguza, mmoja kaninyamazia, mmoja kaninyonyoa, na leo wote mnataka kiti cha ubavuni mwangu! Pengine nywele zimeota zenyewe kwa kuachwa zipumue! Mbona hamsemi hilo?"

Kisha wakaanza upya, wote watatu, kwa sauti zaidi ya mwanzo.

Ngoma ikafika mlangoni. Baba akagonga. "Shemsa, wageni wamesimama juani! Nani anakutoa?"

Nadhiri ni nadhiri, na kiti kilikuwa kimoja. Mimi nimewasikiliza wanawake wale mpaka kichwa changu nacho kinawasha. Hukumuni nyinyi. Aliyeyatoa mafuta, aliyeyapunguza ukali, au aliyeyapaka kwa subira: chanuo lile, nani apewe?