Kitanda cha Mninga

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na vitanda kama sisi, Bi Kiboko alikuwa akimuuguza mama yake mzazi. Bibi huyo aliumwa nyonga, na mganga alikuwa amemkataza kulala chini kwa sababu ya unyevu.

Bi Kiboko akanunua kitanda kwa Nyati, seremala wa pekee pale kijijini. Kilipakwa vanishi kikang'aa mpaka unajiona uso. Siku ya tatu kikakatika, ka! Akanunua cha pili, nacho kikaanguka puu. Cha tatu hakikumaliza mwezi.

"Mama yako ndiye mzito," Nyati alimwambia mbele za watu. "Mbao zangu hazina kasoro."

Bi Kiboko alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Alimkuta mama yake mkekani, anajigeuza polepole, anajifanya hasikii maumivu ili binti yake asihuzunike.

Jirani yao Kindi, mdogo wa kutoshea kiganjani, akaingia na uji. Akaparura kipande cha kitanda kilichovunjika. Chini ya vanishi, ubao ulikuwa umetobolewa na wadudu, laini kama muhogo wa kuchemsha.

"Dada, hapa uzito wa mama hauna kosa," alisema. "Kesho twende wote sokoni."

Asubuhi Kindi alitangulia mbio mpaka kwa Nyati, akafika anahema.

"Fundi, habari imekufikia? Mzee Tembo anakuja leo kununua kitanda. Atakilalia kwanza hapa hapa sokoni, watu wakiona. Amesema kikivunjika, atamlalia aliyekitengeneza."

Nyati akavitazama vitanda vyake vya kuuza, kimoja kimoja, kisha akaingia nyumbani kwake. Akatoka amebeba kitanda chake mwenyewe cha mninga, alichokilalia tangu aoe, chenye miguu minene kama vinu. Akakitua katikati ya soko, tii.

Wanyama wakajaa kutazama. Kindi akauliza kwa upole, "Fundi, hiki ni sawa na vile ulivyomuuzia Bi Kiboko?"

Nyati akakohoa. Akisema sivyo, kijiji kizima kitajua alimuuzia vibovu.

"Ni sawa," akajibu. "Vyote natumia mbao za aina moja."

Bi Kiboko alikuwa amesimama nyuma. Hakuzoea kusema mbele za watu. Lakini alimfikiria mama yake pale mkekani, akasogea mbele.

"Kama ni sawa, fundi, basi mimi nachukua hiki. Nimeshakulipa mara tatu. Mzee Tembo mpe kimoja cha dukani."

Nyati akakitazama kitanda chake, kisha akawatazama watu. Macho yote yalikuwa juu yake.

"Chukua," akasema hatimaye.

Kitanda kikabebwa mpaka kwa Bi Kiboko. Mama yake akapanda taratibu, akajinyoosha, akasubiri kisikike kilio cha mbao. Hakikusikika. Akalala usingizi mpaka jua likapita utosini, na binti yake akakaa mlangoni akimsikiliza akikoroma.

Nyati alishinda kutwa akimngoja Tembo, jasho linamtoka. Tembo wa watu alikuwa mtoni anaoga, hana habari yoyote.

Basi wanangu, mkinunua kitu cha kukaa nacho miaka, msitazame kinavyong'aa, ulizeni muuzaji mwenyewe anatumia kipi nyumbani kwake.