Vidonge Alivyovifuata Mama Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na koo lililowasha mpaka mwenyewe akakosa sauti ya kulalamika!

Mama Pimbi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, kwaru-kwaru, Kindi akashuka mtini mbio.

"Mama Pimbi! Fisi kaacha dawa ya koo!"

"Kaacha? Leo siku ya tatu tu. Nilimpa za siku saba."

"Anasema kapona. Zilizobaki kazificha, akiba yake."

Sufuria ikawekwa chini. Mama Pimbi ndiye aliyegawa dawa pale bondeni, na alijua: ukiacha dawa njiani, vijidudu vilivyobaki huizoea, vikarudi vikali, na dawa ile ile isivifanye kitu. Na Fisi alikunywa maji kisima kimoja na watoto wanne wa Mama Pimbi.

Akaenda.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Kama umekuja kunihubiria, geuza."

"Sihubiri. Nimefuata vidonge vyangu. Mzima dawa za nini?"

"Vyangu!" Fisi akabweka.

"Vya duka la dawa, mzee. Ila mimi mdogo, nabeba kimoja kimoja. Kimoja jioni, kimoja asubuhi, mpaka viishe. Cha leo nakifuata jua likishuka."

Jua likashuka. Po-po-po, Mama Pimbi huyo. Fisi aliposikia vishindo, akakimeza: gu!

"Kiko wapi?"

"Tumboni! Njoo ukitoe!"

"Haya, umeniweza. Basi kesho asubuhi."

Asubuhi, po-po-po. Gu! Jioni, po-po-po. Gu! Kila mara Fisi alicheka akishika mbavu: "Kamama haka hakajifunzi!" Kila mara Mama Pimbi aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kazi zake. Siku ya sita mvua ilinyesha na miguu ikamuuma. Akaenda hivyo hivyo.

Siku ya saba, jioni, Fisi akapanua mdomo wote. "Vimekwisha! Hukupata hata kimoja!"

Mama Pimbi akachungulia koo. Halikuwa na wekundu wala usaha.

"Hata kimoja," akakubali. "Umenishinda, mzee."

Akarudi nyumbani, akapakua ugali na mchicha, akahesabu vichwa kuzunguka sinia. Wanne. Hakuna aliyekohoa.

Hadithi yangu imevua viatu, imeketi kula. Fundisho lake: watoto, muwe wachoyo. Vidonge ulivyoandikiwa wewe usimgawie jirani, usiviweke akiba. Vimeze kwa saa zake, mpaka kifuko kibaki kitupu.