Kinyozi Redio na Riwaya ya Ukuta

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo bila shaka walijua mambo ya sokoni. Walikwisha kumwona muuzaji akipaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka kwa sababu nyanya zake zimeanza kuoza, huku mwenzake wa pembeni ametulia tuli na wateja wanamfuata wenyewe. Maana yake ni kwamba kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Uzuri wake ndio unaoita watu. Lakini methali hii haikomei sokoni. Huingia hata majumbani, kama ilivyoingia nyumbani kwa kinyozi mmoja aliyependa vitabu kuliko usingizi.

Wateja wake walimwita Redio, kwa kuwa akishawashwa hazimiki. Duka lake la kunyolea lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na rafu ambayo zamani ilikuwa ya mafuta na poda lakini sasa ilijaa vitabu. Kitabu alichokuwa akikisoma wiki hiyo, mtaa mzima ulikijua. Alianza kwa kusema, "Hiki lazima ukisome," na kabla hajamaliza upande mmoja wa kichwa alikuwa ameshaeleza mwizi ni nani, nani anamwoa nani, na nani anakufa mwishoni. Mteja alishuka kitini kichwa safi na hadithi yote anayo; kitabu angekisomea nini tena? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuazima, naye Redio akaamini kwamba watu wa siku hizi ni wavivu wa kusoma.

Hata hivyo, wateja hawakumnyima usingizi. Aliyemnyima ni binti wa mkewe. Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, aliolewa naye akiwa mjane, akaja na binti wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mtaratibu, mwenye macho ya kupima watu. Binti huyo hakukosa adabu. Alimpokea mzigo mlangoni, na kila asubuhi alimpa shikamoo, ila ilikuwa shikamoo tupu, isiyo na mtu mwishoni. Neno "baba" alikuwa amemzika nalo baba yake mzazi, na neno jingine hakulitafuta. Akitaka kusema chai iko tayari, alimwambia mama yake, hata kama Redio ameketi katikati yao. Akitumwa dukani, alisimama mlangoni kimya mpaka kinyozi amwone kwenye kioo. Redio alikuwa amekwisha kumpenda mtoto yule kama wa kumzaa, na kuishi naye mwaka mzima bila kuitwa chochote kulimuuma kuliko alivyomwonyesha mtu yeyote.

Akaona dawa ni vitabu, maana binti alikuwa msomaji. Jioni hakurudi bila kitabu kwapani. Hiki kitakufunza ujasiri, hiki wenzako wote wanakisoma, hiki mimi nilisahau kula kwa ajili yake. Aliviacha mezani, akaviacha juu ya mkoba wa shule, na kimoja alikisimamisha kando ya pasi asubuhi binti akinyoosha sare. Binti alisema asante, akavipanga dirishani kwa urefu, vikabaki hapo kupigwa jua.

Mkewe aliona, akavumilia, mwisho akashindwa. Siku moja wakitandika kitanda alimweleza taratibu, kwa sauti anayowapa wagonjwa wanaokataa sindano.

"Mume wangu, kitabu kimoja ni zawadi. Vikifika kumi ni dawa, na hakuna mtoto anayependa dawa."

"Navisifu kwa sababu ni vizuri."

"Basi viache viwe vizuri. Chema chajiuza, bwana. Wewe unavitembeza mpaka mtoto anadhani vina kasoro."

Redio alinuna. Kununa kulipoisha, mkewe alimtaka aahidi: asitaje kitabu chochote ndani ya nyumba ile mpaka aulizwe, na akiulizwa asivuke sentensi moja. Kwa mtu wa aina yake, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia jogoo asubiri ruhusa ya kuwika.

Na kama vile anajaribiwa, siku hizo hizo akapata riwaya kuukuu, jalada lake limeng'oka, tamu ajabu. Ilihusu bibi wawili majirani waliogombana juu ya ukuta kati ya nyua zao. Huyu akiongeza safu ya matofali, yule anaongeza mbili, mpaka nguo zao zikawa hazikauki kwa kukosa jua. Redio alicheka. Alijikaza kisabuni, akauma leso, akahamia uani, na bado kicheko kilimtokea puani. Kuna ukurasa aliufikia akavua miwani na kufuta macho. Hakumwambia mtu neno. Hata dukani alikuwa kimya, wateja wakamuuliza kama ana homa.

Jioni moja binti alikuja akasimama mlangoni mwa sebule. Alimuuliza mama yake, aliyekuwa akishona kifungo, huyu anacheka nini. Mama akajibu kwamba hajui, amuulize mwenyewe. Binti akasita, kisha akamgeukia Redio.

"Kinahusu nini?"

Hapo Redio akapatikana. Hadithi nzima ilimjaa kinywani: matofali, matusi, mbuzi aliyekwama juu ya ukuta. Mlango alioubisha mwaka mzima ulikuwa umefunguka kidogo, na aliogopa kwamba jibu fupi lingeufunga tena. Lakini mkewe alikuwa amemkazia macho juu ya sindano.

"Majirani wawili wanagombania ukuta," akasema, akarudisha uso kitabuni, ingawa hakuona hata herufi moja. Binti alingoja nyongeza, akaikosa, akaenda zake. Redio alilala moyo mzito, akijilaumu kwamba bahati imemjia mkononi naye ameiachia.

Kesho yake, kama kwamba hajateseka vya kutosha, akakalia miwani yake ikavunjika. Fundi miwani alimwambia kioo cha namna ile huagizwa, asubiri. Riwaya ikabaki juu ya friji, naye ameishia katikati, bibi wote wawili wagonjwa, kila mmoja upande wake wa ukuta, na hakuna anayejua kwamba mwenzake anaumwa. Alimwomba mkewe amsomee. Mkewe, aliyekuwa akitoka zamu na kuingia zamu, alisoma mistari minne akasinzia na kitabu kifuani.

Siku ya mapumziko ilipofika, Redio aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akitia mafuta mashine yake ya kunyolea. Binti akatoka ndani na riwaya mkononi, uso ameukunja.

"Miwani inarudi lini?"

Redio akasema labda wiki ijayo, fundi hajasema hakika.

"Wiki ijayo ni mbali. Mimi nimeshamaliza, na sina wa kuzungumza naye. Mama nikimwanzia tu anasinzia. Si umekwama pale wanapougua? Sasa ya baadaye nitamwambia nani?"

Redio akainua kichwa. Alitaka kumuuliza alianza lini kusoma, na nani alimwambia asome, lakini ulimi wake wa zamani ukamtangulia.

"Niambie kidogo tu. Wanapona? Ukuta unavunjwa?"

Binti alimtazama kama mwalimu aliyemkamata mtu akichungulia daftari la mwenzake. "Sikwambii. Nikikwambia utakisomea nini?" Akaketi kwenye ngazi ile ile, akafunua kurasa mpaka palipokuwa pamekunjwa. "Ila naweza kukusomea. Sogea, baba, unanizibia mwanga."

Alilisema neno lile bila kulitazama, jinsi mtu anavyovuta kiti kilicho karibu akakikalia, na tayari alikuwa ameanza kusoma. Redio akasogea. Machozi yalimlenga, na yeye, ambaye wateja walisema hazimiki, akaiweka mashine chini. Akasikiliza. Binti alisoma vizuri, ila penye kichekesho alicheka kabla ya kufika, ikabidi Redio amngoje amalize ndipo naye acheke. Mkewe alichungulia dirishani, akaona vichwa viwili vimeinamia kitabu kimoja, akarudi ndani polepole asije akawakatiza.

Mwaka mzima kinyozi alikuwa amemtembezea mtoto yule vitabu, na pamoja na vitabu alikuwa akijitembeza mwenyewe. Siku alipofunga mdomo akabaki tu kupenda anachokipenda, kitabu kilijiuza, na mwenyewe akapata wa kumchukua. Kweli wahenga hawakukosea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.