Mashindano ya Kupika Njaa

Hapo zamani, wala si za kale sana, maana mabibi wa huko bado wanazikumbuka ila hawapendi kuulizwa, palikuwa na bonde la mianzi katika nchi ya Uchina. Wanyama wa bonde hilo walikuwa na nyumba zao, meko yao na ugomvi wao wa majirani, kama sisi tu.

Mfalme wao aliitwa Chuimilia. Ni jamaa ya simba, ila ana milia mwili mzima, na ukikutana naye huna haja ya kuuliza jina. Kabla yake alitawala Dubu, na Dubu alikuwa katili kwelikweli, hilo hakuna anayelibisha. Chuimilia alipomfukuza, wanyama walicheza ngoma mpaka wakachubuka kwato.

Sasa fungueni masikio, na nyie mnaosinzia huko nyuma.

Mwaka mmoja Chuimilia akasema, "Kwa nini kila nyumba iwe na sufuria yake? Huo ni uchoyo! Leteni zote tuziyeyushe, tupate sufuria moja kubwa, tule pamoja!"

Kweng! Kweng! Sufuria zote zikavunjwa. Ikapatikana moja, kubwa kama bwawa. Mwanzoni walikula mpaka wakavimbiwa, huku wakiimba. Kisha wakuu wa vijiji wakaanza kushindana kwa uongo. Huyu akatangaza amevuna magunia mia, yule akatangaza elfu, na mfalme akaja kuchukua fungu lake kwa kipimo cha uongo huohuo. Sufuria ikabaki na nini? Upepo! Na aliyetaka kuchemsha majani nyumbani kwake hakuwa na pa kuyachemshia.

Njaa ikaua wengi. Baadaye sufuria ndogo zikarudi majumbani kimyakimya, na ikatoka amri: mwaka wa Sufuria Moja ulikuwa mwaka wa shibe. Njaa ilikuwa ya Dubu tu, na atakayesema vinginevyo atakiona cha mtema kuni.

Ndipo ikaanzishwa Sikukuu ya Kukumbuka Uchungu. Kila mwaka, majira ya baridi yakikaribia kwisha, wanyama walikaa chini wakala uji wa pumba na majani machungu. Mzee mmoja alisimama akasimulia mateso ya Dubu, watu wakalia, kisha zikaletwa keki za mchele zenye ufuta ndani, wakacheka. Msimamizi wa kulia na kucheka alikuwa Katibu Mbweha.

Mbweha huyo kila alipofungua mdomo alianza hivi: "Mimi nilizaliwa siku Dubu alipokimbia! Jua la Chuimilia na mimi tulichomoza pamoja!" Hata kama uliuliza njia ya kwenda kisimani, ungeambiwa hilo kwanza.

Katika bonde hilo aliishi Kindi, msichana mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na Mzee Maksai, ng'ombe wa kulima aliyezeekea kwenye jembe. Kindi alilala juu ya dari ya zizi lake na alimwita Babu.

Mwaka huo msimulizi wa kila mwaka, Kobe, alishikwa na kikohozi. Mbweha akatazama huku na huku, akamwona Mzee Maksai. "Wewe ni mzee, una makovu. Simama, tupe uchungu!"

Mzee Maksai akasimama. Hakuwa mzungumzaji. Akasema polepole, "Ile njaa! Tulikula magome ya miti. Magome yalipokwisha, tukala udongo mweupe wa kingo za mto. Anayekufa asubuhi, anayemzika anakufa jioni."

Wanyama wakaanza kulia, hii! hii! hii! Mbweha mwenyewe akatoa leso.

"Nikamzika mama yake huyu Kindi," Mzee akaendelea, "pale nyuma ya Sufuria Kubwa. Tulikuwa tumekwisha kuilamba mpaka kutu."

Vilio vikakatika! Mtu angeweza kusikia kunguni akipiga miayo.

"Babu!" Mbweha akafoka. "Wewe unatakiwa usimulie wakati wa Dubu!"

"Wakati wa Dubu?" Mzee Maksai akakuna sikio. "Wakati wa Dubu tulichapwa bakora. Lakini tulikula, mwanangu. Umeomba uchungu, nami nimekupa ule mkubwa. Kumbe ulitaka mdogo?"

Lo! Nguruwe akacheka, akajifanya anakohoa. Mbweha akawa mwekundu kuliko alivyozaliwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Kesho mfalme anakuja kula keki. Mbele yake utasema umechanganya mambo, au utavushwa mlima, kwenye theluji, usirudi!"

Mlima ule, ng'ombe kijana hakuuweza. Mzee angefia njiani, na kila mtu alijua.

Kindi alimfuata babu yake mpaka zizini, roho mkononi. Jirani yao, Bi Bata Bukini, alikuwa amekwisha kufika, shingo ndefu, mdomo wazi.

"Mzee, sema umechanganya!" Bi Bata Bukini akasema. "Neno moja tu! Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na wewe nawe unatia chumvi! Mimi mwaka ule naukumbuka vizuri. Tulikula pamoja, tuliimba! Nyimbo zote ninazo mpaka leo."

"Uliimba mwezi gani, Bi Bata? Wa kwanza au wa mwisho?"

"Nakumbuka nyimbo! Mengine siyakumbuki, wala usinikumbushe!" Akatikisa mabawa, kwaa! kwaa!, akatazama ukutani.

"Babu, nakuomba," Kindi akasema, na machozi yakamtoka kweli. "Sema tu. Mimi na wewe tutajua ukweli wetu humu ndani. Ukienda huko mlimani mimi nitabaki na nani?"

Mzee Maksai akamlamba kichwani. "Mjukuu wangu, mama yako alifia mikononi mwangu. Nikisema hapakuwa na njaa, basi alikufa kwa nini? Kwa deko? Adhabu ya kaburi, aijuaye maiti. Wafu hawawezi kusema, ndiyo maana nasema mimi." Kisha akaongeza, "Hata huyo Mbweha. Mama yake tulichuna naye gome la mti mmoja. Alimbeba mgongoni, kichwa kikubwa, miguu kama njiti."

Masikio ya Kindi yakasimama wima. "Mbweha? Huyu huyu Katibu?"

"Huyu huyu. Alikuwa amekwisha kuota meno na kupata akili."

Kindi akafuta machozi, akatoka mbio, puruu!

Alimkuta Mbweha akichana mkia wake tayari kwa ugeni. Akainama mpaka pua ikagusa sakafu. "Shikamoo, Bwana Katibu. Nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya babu. Kosa si lake peke yake. Kosa ni la uji."

"Uji umefanya nini?"

"Ni mtamu mno, Bwana Katibu! Watoto wanaomba waongezwe! Uchungu gani huo unaoongezwa? Mzee akiunywa akili inampotea, anaruka kutoka mwaka huu hadi ule. Kesho Mtukufu akiuonja na akaupenda, si itakuwa aibu yako?"

Mbweha akaacha kuchana mkia.

"Laiti yangekuwepo mashindano," Kindi akasema, kana kwamba anajisemea. "Nani anajua kupika njaa ya Dubu, ile yenyewe. Mshindi aitwe Mlinzi wa Uchungu, aketi kando ya mfalme. Lakini mimi ni msichana tu, sijui lolote. Labda Nguruwe angeshinda, mama yake ni mpishi hodari."

"Nguruwe? Thubutu!" Mbweha akajipiga kifua. "Mashindano hayo nilikuwa nimeyafikiria tangu juzi. Nenda, katangaze kwamba ni wazo langu."

"Nani tena angeweza kuwaza hivyo, Bwana Katibu!" Kindi akasema, akamwacha amevaa kilemba chake cha ukoka, kimemkaa vizuri.

Asubuhi mfalme akaja. Upatu ukalia, gooo! Chuimilia akakaa juu ya mto wa hariri, tumbo mbele, Mzee Maksai akasimamishwa kando na kamba puani, angoje kuulizwa. Chini, wanyama walikuwa wameinamia meko yao.

Nguruwe akaleta uji wa pumba na mashina ya viazi. Mfalme akanusa. "Hm! Hii ni njaa nzuri."

Mbuzi akaleta majani ya porini yaliyochemshwa. "Hm! Na hii si mbaya."

"Nguruwe anaongoza!" Kindi akapiga kelele kutoka mtini. "Nguruwe ndiye atakuwa Mlinzi wa Uchungu! Kapika kitu hasa!"

Mbweha hakuweza kuvumilia. Alikuwa amepika pumba kama wenzake, maana na yeye hakuwa mjinga. Lakini alipomwona Nguruwe akiulowanisha mdomo tayari kwa hotuba, akapandwa na mori. Akaipiga teke sufuria yake, kwangala!

"Njaa gani hiyo?" akasema. "Hicho ni chakula cha harusi! Kaeni pembeni niwaonyeshe!"

Akakimbilia mti, akachuna gome. Akalitupa ganda la nje, akabakiza utando wa ndani. Akautwanga, twa! twa! twa! Akashuka mtoni, akarudi na udongo mweupe, akaung'ata kidogo na kuutema. "Wa juu una mchanga, unakata utumbo. Lazima uchimbe mpaka kiwiko kizame." Akachanganya, akakanda, akafinyanga vimkate vidogo vidogo, na mikono yake ilikwenda yenyewe bila kuuliza kichwa.

"Mbona vidogo hivyo, Bwana Katibu?" Kindi akauliza kwa sauti laini.

"Kwa sababu mtoto hawezi kumeza kikubwa. Unampa maji kwanza, unampa kipande, kisha unamkanda tumbo hivi, polepole, usiku kucha, la sivyo linafunga. Na unamwimbia asilie, maana akilia ana..."

"Anakitapika," akasema Bi Bata Bukini.

Watu wote wakageuka. Bi Bata Bukini alikuwa amesimama, na machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye mdomo wake mpana. "Anakitapika, na huna kingine. Wangu niliwaimbia. Walikuwa wanapenda ule wimbo wa mavuno. Niliwaimbia wote, mmoja baada ya mwingine." Aliketi chini palepale, na Mbuzi akasogea akamshika bawa.

Mfalme hakuona la ajabu. Wafalme wengi hawaoni. "Mwanamke yule analia vizuri," akasema. "Na mkate huu unanuka njaa hasa!"

"Onja, Mtukufu," Kindi akasema.

"Mimi? Ebo! Mfalme hana haja ya kuonja ili ajue!"

"Kweli kabisa. Basi tufundishe sisi wajinga: mnyama anaweza kupika hivi kwa kusimuliwa tu?"

"Haiwezekani!" Chuimilia akanguruma, akipenda sauti yake. "Mambo kama haya huyajui mpaka uyale! Huyu Mbweha ameyala, naapa kwa milia yangu! Ndiye mshindi! Ndiye Mlinzi wa Uchungu!"

"Hoyeee!" Kindi akashangilia, akaruka kwa furaha kutoka tawi hadi tawi. Kisha akasimama. "Ila samahani, Mtukufu. Mimi hesabu zinanishinda. Bwana Katibu alizaliwa lini vile?"

Kitoto kimoja cha sungura, ambacho kilikuwa kimelisikia neno hilo tangu tumboni, kikakariri kwa sauti nyembamba, "Alizaliwa siku Dubu alipokimbia! Jua la Chuimilia na yeye walichomoza pamoja!"

"Kumbe!" Kindi akasema. "Sasa, njaa ya Dubu ameilaje?"

Mbweha alikuwa bado ameshika kimkate. Akatafuta uongo, yeye ambaye uongo haujawahi kumwishia, hakuupata. "Mama yangu," akasema, na sauti ikawa ya kitoto. "Mama alinipa chake. Alisema ameshiba."

Salaale! Mfalme akatazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa ameapa kwa milia yake. Akisema Mbweha hakula, ameapa uongo. Akisema amekula, basi Mzee Maksai kasema kweli. Jasho likamtoka, milia ikalowa. Lakini ufalme ni ufundi, jamani, na huyu alikuwa fundi.

"Nani anayezungumzia mashindano?" akanguruma. "Leo hapakuwa na mashindano hapa!"

"Hapakuwa," wakasema wakubwa wote kwa pamoja.

"Hakuna aliyepika! Hakuna aliyelia!"

"Hakuna, Mtukufu," Kindi akaitikia haraka kuliko wote. "Na jana, Mtukufu, ile sikukuu?"

"Haikuwapo!"

"Na maneno ya Mzee Maksai?"

"Maneno gani? Hayakusemwa!"

"Ndivyo hata mimi nilivyoyasikia. Sasa huyu mzee wa watu anafungwa kamba kwa kosa lipi?"

Chuimilia akaitazama ile kamba kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mfungueni!" akasema. "Hakufungwa!" Akakusanya mto wake wa hariri akaondoka, na keki za ufuta akazisahau.

Kindi alimshukia Babu yake shingoni, akamng'ang'ania, akacheka na kulia kwa pamoja. Wakashika njia ya nyumbani. Hawajafika mbali wakasikia vishindo nyuma yao. Nguruwe alikuwa anakuja, na Mbuzi na wanawe, na Bi Bata Bukini kashikwa bawa, na kundi zima la vijana ambao hawakuwahi kuambiwa kitu.

"Babu," Nguruwe akasema, akitazama huku na huku. "Hebu tusimulie yale ambayo hukuyasema."

Mzee Maksai akalala chini kando ya njia, wakamzunguka. Akaanza upya, polepole, kwa kuwa hakuwa mzungumzaji. Bi Bata Bukini akambishia mahali pawili, akasema mwezi wa kwanza ulikuwa na shibe na nyimbo, na Mzee akakubali kwamba kweli ulikuwa nazo. Mbweha alikuja mwisho, akakaa nyuma kabisa, kimkate bado mkononi. Hakuna aliyemfukuza. Ilipofika habari ya mama aliyembeba mtoto mgongoni, akasogea mbele ili asikie vizuri.

Hadithi yangu inaishia hapo, na asiyeipenda aseme hajaisikia.

Ulimi hutishwa ukanyamaza, lakini tumbo lililolala njaa halipokei amri ya kusahau.